Fomu ya Maisha ya Bwana Varzandeh

Mimi ndiye niliyempa meza. Naanza na hapo ili nisije nikaambiwa baadaye kwamba nilificha.

Naitwa Wangari, nimezaliwa Nakuru, na huu ni mwaka wa kumi na tisa nawahudumia wazee wa watu huko Hässelby, kwa Waswidi, mwisho kabisa wa laini ya kijani ya treni, kwenye nyumba ya wazee ambayo jina lake sitalitaja kwa sababu bado ndiyo inayonilipa mshahara. Kitengo chetu ni cha wale walioshikwa na ugonjwa wa kusahau. Wazee tisa, mlango wenye namba ya siri, na televisheni ambayo hakuna anayeitazama. Kila mzee ana mhudumu mmoja anayehesabiwa kuwa wake: anayejua saizi ya soksi zake, anayewapigia simu jamaa zake, na anayejaza fomu ya historia ya maisha yake. Fomu ina kurasa sita. Alizaliwa wapi, wazazi walikuwa nani, shule, kazi, ndoa, nini kinamfurahisha, nini kinamtisha. Ukishaijua historia ya mtu, unajua kwa nini analia akiona bafu, au kwa nini anaficha mkate chini ya mto. Wenzangu wengi huijaza mbio mbio ili iishe. Mimi sivyo. Fomu zangu zinasomeka, na sijawahi kuandika ndani yake kitu nisichokijua. Ninajivunia hilo, sikatai.

Bwana Nosratollah Varzandeh aliletwa mwezi wa pili, akapewa chumba namba saba. Miaka sabini na saba, ndevu nyeupe zilizochanwa, mgongo ulionyooka kuliko wangu. Binti yake Elahe, aliyemleta huku alipoanza kusahau, ni daktari wa meno mjini. Alinirudishia fomu ikiwa na mistari miwili: "Mwanasheria mstaafu kutoka Iran. Anapenda maua ya waridi." Nikamwambia kwa upole kwamba kurasa sita hazijai kwa waridi.

Akafunga mkoba wake. "Nilikuja nchi hii nikiwa na miaka ishirini ili nisijue hayo mengine," akasema. "Andika hivyo tu."

Nikadhani ni mambo ya baba na binti. Kila familia ina yake.

Shida ya mzee ilikuwa asubuhi. Akishakunywa chai anainuka, anapita kwenye ukumbi akijaribu vitasa vya milango, anagonga kwa ngumi na kuita kwa Kifarsi, kwa sauti iliyomfanya Gunvor wa chumba namba tatu ajikojolee. Kiswidi alikuwa na maneno mawili tu, asante na hapana, na la pili ndilo alilolitumia zaidi. Mara mbili alimpiga mwenzetu Anthony kwa kandambili. Daktari akapendekeza dawa za kumtuliza. Dawa hizo nazichukia. Mtu anamezeshwa, analala kinywa wazi, na ndiyo inakuwa basi mpaka siku ya kufa. Nikaomba wiki mbili.

Nikamchunguza. Nikaona anatulia pale tu anapokuta karatasi mbele yake. Aliiokota orodha ya vyakula vya wiki, akaitazama juu hadi chini kama mtu anayejua kusoma Kiswidi, akanyoosha mkono kuomba kalamu, akatia sahihi chini, akaisukuma kulia. Kisha akasubiri nyingine.

Kazi yetu ina kanuni moja: usibishane na mzee aliyepotea, mfuate huko aliko. Akisema anangoja treni, kaa naye mngoje treni. Basi nikatoa meza stoo, nikaiweka dirishani kwenye chumba cha kulia, na kiti chenye mikono, kalamu, glasi ya chai, na rundo la karatasi zilizokwisha kazi: orodha za vyakula, orodha za zamu za kuoga. Saa nne kamili alikuwa amekaa. Baada ya saa moja na nusu aliinuka mwenyewe, akanawa, akaswali, akala. Hakuna ngumi, hakuna dawa. Alma, mkuu wa kitengo, alinisifu mbele ya mkutano wa wafanyakazi wote na akaleta keki. Keki nikaila.

Mahin alihamishiwa kwetu mwezi wa nne kutoka ghorofa ya juu, kwa sababu ya Kifarsi chake. Ni mwanamke wa miaka hamsini na moja, mvuta sigara, mcheshi, anayeishi Fittja na mama yake na kusafiri zaidi ya saa nzima kila asubuhi, laini nyekundu kisha ya kijani, bila kuchelewa hata siku moja. Mambo ya dini hana subira nayo. Ukimtajia hijabu anajifanya kutema mate.

Siku yake ya kwanza alikusanya karatasi za mzee mezani, akasimama nazo muda mrefu. Nikamuuliza zimeandikwa nini.

"Sahihi yake," akasema. "Na neno moja. *Itekelezwe.*"

Nikachungulia. Ilikuwa orodha ya kuoga: Gunvor Jumatatu, Sven Jumanne, Ingegerd Jumatano. Nikacheka, nikasema basi Gunvor ataoga kwa amri. Mahin hakucheka. Nikafikiri hajanizoea.

Wiki iliyofuata alikuja na jambo lililonifurahisha mno. Alisema angekaa na Bwana Varzandeh kila asubuhi kwenye meza yake, amuulize maswali ya fomu kwa Kifarsi, kwa utaratibu, kuanzia utotoni, kisha aniletee majibu. Ndivyo tunavyofanya na wazee wanaosahau: huruki. Unamshika mkono unamtembeza mwaka baada ya mwaka, maana mlango mmoja hufungua mwingine. Nikamwona Mahin ni mfanyakazi wa kweli. Hata nilipoona anajifunga kitambaa cha buluu kichwani ikifika saa nne na kukivua ikifika saa tano na nusu, nilisema moyoni, tazama mwanamke anavyojitoa.

Kurasa zikaanza kujaa. Mzee alizaliwa kwenye mji mdogo wa vumbi, baba yake akiosha mazulia ya watu mtoni kwa miguu. Akiwa na miaka kumi na minne alipelekwa kusoma dini Qom, na godoro mgongoni. Wakati wa mfalme alifungwa miezi minane kwa sababu ya hotuba moja, na askari mmoja alimpa tufaha. Lile tufaha alilisimulia siku tatu mfululizo. Mapinduzi yalipokuja alikuwa na miaka thelathini na moja. Hakuwa amesoma sheria za serikali hata siku moja. Alipewa barua ya mistari mitatu, ikamfanya jaji. Mahakama yake ya kwanza ilikuwa ukumbi wa shule ya msingi, na yeye alikaa kwenye kiti cha mwalimu, magoti yakigonga meza. Baadaye akawa mwendesha mashtaka mkuu wa jimbo. Baadaye mbunge, vipindi viwili, akatunga sheria ya kugawa maji ya mito ambayo mpaka leo anaikariri vifungu. Baadaye naibu waziri. Mwishoni alitaka kugombea urais, jina lake likakatwa na wakubwa kabla ya kampeni. Kwa hilo alilia, mezani, machozi yakidondokea orodha ya vyakula. Ni kitu pekee katika maisha yake yote nilichomwona akikililia.

Nilivutiwa, lazima niseme. Mtoto wa mwosha mazulia kufika alikofika. Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri, nikaongeza karatasi.

Lakini kulikuwa na pengo. Kutoka uendeshaji mashtaka mpaka ubunge palikosekana kiangazi kizima, mwaka 1988, na kila nilipomuuliza Mahin alisema, "Bado. Tunafika hapo, anaruka." Wiki mbili anaruka. Na mzee akaanza kubadilika. Alikuwa akiinuka mezani mikono ikitetemeka. Usingizi ukampotea.

Jumatano moja nilikuwa nagawa uji nikamsikia Mahin akirudia neno moja, polepole, mara tano, mara sita. Mzee akapiga meza kwa kiganja. Mahin akalirudia tena. Nikaweka sufuria chini, nikamshika Mahin mkono, nikampeleka chumba cha mashuka nikafunga mlango.

"Unamfanyia nini mzee wangu?"

Alikuwa bado na kitambaa kichwani. Akakivua, akakikunja vizuri, akakitia mfukoni. Akaniambia.

Zamani, watu wa mahakama zile walitumia majina ya bandia. Mwendesha mashtaka wa jimbo lao alijulikana kwa jina la Rasekh, na hakuna aliyejua jina lake la nyumbani. Nchi hii tunamwita Varzandeh, lakini pale mezani, kwenye karatasi zangu nilizompa mimi, alikuwa anatia sahihi ya Rasekh. Kaka yake Mahin, Kamran, alifungwa kwa kugawa vikaratasi vya siasa akiwa chuoni. Alikuwa na miaka ishirini na miwili na amebakiza mwaka mmoja atoke. Kiangazi kile wageni wakazuiwa gerezani. Ndani, wafungwa waliitwa mmoja mmoja mbele ya meza, wakaulizwa maswali machache, dakika chache kila mtu. Mwisho wa mwaka familia zikaambiwa wamekufa. Wamezikwa wapi, hazikuambiwa, wala hazijaambiwa mpaka leo.

"Mama yangu ana miaka themanini na minne na moyo mbovu," akasema Mahin. "Hataki huyu mtu afungwe. Nilishamuuliza wakili bila kumtaja jina, akasema mgonjwa wa kusahau hashtakiki. Mama anataka kitu kimoja, kujua mwanawe yuko wapi. Na huyu anayejua, akili inamtoka, Wangari. Mwezi uliopita alikumbuka jina la karani wake. Wiki hii halikumbuki."

Nilikasirika. Sitajipamba hapa. Nilikasirika kwa sababu ameifanya fomu yangu mtego, na amenichezea shere wiki zote hizi huku mimi namsifu kwa wenzangu. Nikamwambia sheria anaijua: mhudumu akimwona mwenzake anamtesa mzee lazima aandike ripoti, na asipoandika hatia ni yake pia.

"Andika," akasema. "Lakini niachie kesho."

Nikaenda kwa Spéciose. Yeye ndiye muuguzi wetu, Mrundi, mkubwa wangu kwa miaka na kwa kazi, na ndiye mtu pekee pale ninayesema naye Kiswahili, mimi changu cha Nakuru na yeye chake cha Bujumbura. Alikuwa anahesabu vidonge.

"Dada Spéciose, niko na shida."

"Sema, mi nakusikiya."

Nikamweleza yote. Hakuacha kuhesabu mpaka alipofunga kisanduku cha mwisho.

"Wangari, baba yangu walimuchukuwa mwaka wa sabini na mbili, mi nikiwa tumboni. Jina yake ilikuwa kwenye liste ya watu wa kuuwa. Mutu fulani aliandika ile liste na mukono yake. Mi kama ningemupata, ningemuosha mugongo kila siku na maji ya moto, nimupikiye, nimukatiye kucha, na ningemuuliza. Kila siku."

"Lakini anateseka. Hata kama ni yeye."

"Bon. Eko anateseka, na ni mugonjwa wetu. Ndiyo maana utakaa pale. Akianza kutetemeka, unafunga. Mara moja tu, halafu Mahin anahama hii kitengo." Akafungua kabati, akapanga visanduku. "Kesho saa ine niko na mukutano na daktari. Sitaona kitu."

Ndivyo ilivyoamuliwa, na aliyeamua ni mimi. Spéciose alifungua mlango tu.

Kesho yake saa nne mzee alikaa. Nilimpa chai na karatasi, nikavuta kiti nikakaa ubavuni kwake. Mahin hakuketi kama siku zote. Alisimama mbele ya meza, hatua tatu nyuma, kitambaa kichwani, mikono imeshikana. Nilijua atakachosema kwa sababu tulikuwa tumekubaliana: asiulize maswali ya fomu tena, aje kama walivyokuwa wakija jamaa za wafungwa.

Akasema kwa Kifarsi: mimi ni dada yake Kamran Sohrabi, nimekuja kumuulizia.

Mzee akainua macho. Nasema nilichoona. Uso wake ukawa mpole. Haukuwa uso wa mtu aliyekamatwa wala wa mtu aliyesahau. Ulikuwa uso wa mkubwa wa ofisi asiyetaka kumtisha msichana. Akavaa miwani. Akavuta rundo la karatasi, akapitisha kidole kwenye samaki wa Jumanne na supu ya Alhamisi, akageuza ukurasa, akasimamisha kidole mahali. Akasema maneno matatu au manne.

Mahin akauliza tena, neno moja. *Koja*. Hilo nililijua tayari, alikuwa amelirudia Jumatano: wapi.

Mzee akarudia yale yale, polepole, kama unavyomrudia mtu mzito kuelewa. Kisha akachukua karatasi, akaandika, akatia sahihi, akampa kwa mikono miwili. Mikono haikutetemeka hata kidogo.

Kwenye chumba cha mashuka Mahin aliketi juu ya gunia la taulo chafu.

"Amesema Kamran amehamishwa gereza," akaniambia. "Amesema yuko mzima. Mleteeni nguo za baridi." Akanionyesha karatasi. "Hapa ameandika: sweta moja, liruhusiwe."

"Anakumbuka vibaya," nikasema.

"Anakumbuka vizuri sana. Ndiyo maneno aliyotuambia ofisini kwake mwaka ule. Mimi nilikuwepo, nilikuwa na miaka kumi na minne, nimemshika mama nguo. Mama alifuma siku nne. Tukalipeleka sweta, wakalipokea mlangoni, wakatuandikia risiti. Kamran alikuwa amekufa miezi miwili nyuma."

Nilitaka kurudi kule nimpige yule mzee. Nasema wazi. Nilirudi, ilikuwa saa ya chakula, nikamtolea miiba samaki wake na kumfunga kitambaa shingoni, na alipomaliza akaniambia asante kwa Kiswidi.

Jioni ile Mahin alinipigia simu. Alikuwa ameshafikiri. Nje ya mji wao kuna uwanja nyuma ya kiwanda cha matofali, watu wamekuwa wakinong'ona miaka yote kwamba maiti zilizikwa pale. Angemwambia mama yake kwamba mzee ametaja pale. Mama apumzike. "Ila mimi hataniamini," akasema. "Nimemdanganya mno, kuhusu sigara, kuhusu mume wangu. Wewe umezoea kuandika maisha ya watu. Njoo umwambie ulisikia."

Nikamwambia sisemi uongo. Nikafikiria mwanamke anayefuma siku nne. Nikasema Jumamosi.

Fittja niliifahamu, kanisa letu liliwahi kukodi ukumbi huko. Mama yake Mahin alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani, mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi na macho makali. Alinipa chai na donge la sukari la kung'ata, akaketi akinitazama mimi, si binti yake. Mahin akazungumza. Nilisikia jina la Kamran, nikasikia la Rasekh. Kisha mama yake akanisemesha.

"Anauliza," Mahin akasema bila kunitazama, "wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, mama."

"Anauliza, alisema hivyo? Nyuma ya kiwanda cha matofali?"

Miaka kumi na tisa ya fomu safi. "Alisema hivyo, mama."

Bibi akafumba macho. Nilisikia lifti ya jengo ikipanda na kushuka. Alipofumbua aliuliza kitu kifupi, na Mahin alianza kutafsiri akashindwa, akajaribu tena.

"Anauliza kama yuko peke yake."

Hili hatukuwa tumelipanga. Nikatafuta jibu mwenyewe, nikampa lile nililoamini. "Hapana, mama. Yuko na wenzake. Wengi."

Akaitikia kwa kichwa mara kadhaa. Nikahema, nikasema moyoni imekwisha, afadhali. Kisha akainuka, akaenda kwenye droo chini ya televisheni, akatoa daftari jembamba la namba za simu, akavaa miwani, akachukua simu yake kubwa ya vibonye na kuanza kubonyeza tarakimu moja moja.

"Anafanya nini?" nikauliza.

Mahin alikuwa ameweka mkono mdomoni. "Amesema basi na mama zao waambiwe."

Wale waliosimama naye kwenye mlango wa gereza. Daftari zima lilikuwa wao. Wengi walikuwa wamechorewa mstari, wamekufa, lakini kumi na mmoja walikuwa bado hai: mmoja Köln, wawili Toronto, wengine kule kule mjini kwao. Simu ikaanza kuita, sauti kubwa ya spika. Nikaiona safari yote. Kesho asubuhi kikongwe mmoja angepanda teksi na maua mpaka nyuma ya kiwanda cha matofali, mbele ya askari, akapiga magoti juu ya udongo usio na mtu, kwa sababu Wangari wa Nakuru amesema alisikia.

Simu ikaita mara ya tatu. Mahin alikuwa anatazama zulia. Nikainuka, nikapitisha mkono, nikabonyeza kitufe chekundu.

Bibi akanitazama. Sikuwa na Kifarsi, naye hakuwa na Kiswahili wala Kiswidi cha kutosha, lakini uso wangu ulikuwa mbele yake. Akaweka simu mapajani. Akamgeukia Mahin, akasema neno, si kwa ukali.

"Mwambie," nikasema. "Mwambie kila kitu. Meza, karatasi, kila kitu. Mwambie nimemdanganya."

Mahin akaketi sakafuni, karibu na miguu ya mama yake, akasimulia. Ilichukua muda. Chai yangu ikapoa. Bibi alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo Mahin alikuja kuniambia hajawahi kumwona akilifanya. Mahin alipomaliza, alitoa ile karatasi ya sahihi mfukoni. Mama yake aliisoma, akaigeuza, akakuta nyuma orodha ya vyakula vya wiki, akairudisha. Hakulia. Nilitaka alie, ningejua la kufanya, kulia nimekuzoea. Nikajiandaa kufukuzwa, na ningeondoka bila kulalamika.

Badala yake akaniuliza maswali, moja baada ya jingine, Mahin akitafsiri mbio. Analala? Vibaya, mama. Anatembea? Anatembea. Ana kisukari? Hana. Moyo? Moyo wake ni mzuri, mama, kuliko wa wengi. Anakula? Samaki anakula, nyama anaacha.

Akafikiri. Kisha akanishika kifundo cha mkono, vidole vyake vikavu vina nguvu, akasema polepole ili Mahin asikose neno.

"Anasema umlishe vizuri. Umwoshe, umvalishe nguo za joto, usimwache apate homa. Asife kabla hajasema."

Nikamwambia hiyo ndiyo kazi yangu.